Nilivyolijenga Daraja la Luberizi Nakivale

Mimi ndiye niliyelijenga upya daraja la Luberizi, tena Nakivale, tena nikiwa nimevaa suti. Wenzangu wenye diploma ya ujenzi hawawezi kusema hivyo.

Luberizi ni mto wa kwetu, kwenye uwanda wa Ruzizi, Kivu ya Kusini. Zamani treni ndogo ya pamba ilipita pale. Reli iling'olewa kabla mama yangu hajazaliwa, na mafuriko yakayachukua madaraja. Lakini bibi wa mchumba wangu, koko kama tunavyosema, aliipanda treni ile akiwa mtoto, mapajani mwa baba yake, na alipokimbilia Uganda, hapa kambini Nakivale, aliibeba yote kichwani. Ndiyo maana katika ukoo wao binti haolewi bila treni.

Iko hivi. Watu wa bwana harusi wanapanga mstari, mikono mabegani, yeye mbele kama kichwa cha treni. Wanawake wa bibi harusi wanatandika vitenge njiani. Hayo ndiyo madaraja. Kila kitenge kina jina la mto wake, na hukikanyagi bila zawadi. Treni isipofika kwa bibi harusi, harusi inaahirishwa. Na siku ile mchungaji wa kutufungisha ndoa alikuwa na harusi nyingine upande wa Juru, mbali na kwetu, hangetungoja.

Sikuwa na wasiwasi. Niliondoka Nakivale na viatu vya plastiki, nikachota mchanga wa mto Rwizi mchana, nikasoma jioni pale Mbarara, nikarudi na diploma ambayo hakuna aliyenilipia. Vitenge vingenishinda?

Kiliba tulivuka kwa sabuni, Runingu kwa chumvi. Pale Sange, treni yangu ikipiga honi na kutifua vumbi, nikajisahau.

"Koko," nikasema, "hayo madaraja, ningeyajenga mimi yangesimama mpaka leo."

Koko akanitazama kuanzia viatuni. Akavuta kitenge cha Luberizi, kile cha mwisho, akakikunja, akakikalia.

"Maji imebeba daraja," akasema. "Jenga sasa."

Vigelegele! "Tuone iyo diploma!" "Atandike karatasi yake, apite!" Shangazi yangu akakimbia mbele na sabuni ya akiba.

"Sabuni haishikilie treni, mama," wakamjibu. "Bakia nayo, utaosha mukwe wetu akianguka mu maji."

Ng'ambo, mchumba wangu alikuwa anagonga saa yake kwa kidole na kunikazia macho.

Nikageuka. "Treni yote ishuke! Simameni wawili wawili, mtazamane, mshikane mikono!"

Wajomba, binamu, wanakwaya, wote wakaingia kwenye lile vumbi tupu.

"Bako ndani ya mto!" wanawake wakapiga kelele. "Bamezama!"

"Na nguzo za daraja husimama wapi, koko?" nikauliza. "Hewani?"

Koko akafikiri. Akacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Nani atapima?"

"Ni weye, koko."

Akampa jirani fimbo yake, akafunga kitambaa cha kichwa vizuri, akajilaza juu ya mikono ile kama malkia. Wakampitisha kutoka mikono hadi mikono, naye anapiga "Puuuu! Puuuu!" na kuwaamuru wapunguze mwendo. Akafika upande wangu.

"Inashikilia," akatangaza. Nilitaka kuruka. "Lakini nilisahau fimbo yangu. Munirudishe!"

Wakamrudisha. Fimbo akaipokea, akailaza kifuani, akasema safari hii anataka kukaa upande wa dirisha.

Alipokuwa katikati kwa mara ya tatu, mchumba wangu akakusanya gauni lake mikononi, akashuka mtoni, akavuka kwa miguu pembeni mwa daraja langu.

"Utalowa," nikamwambia.

"Nimeshalowa. Twende, mchungaji anaondoka."

Tukakimbia mpaka kanisani tumeshikana mikono, yeye na viatu kwapani, mimi nikicheka hadi nikapoteza pumzi. Mchungaji alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki. Alipotuona akaivua, akachungulia nyuma yetu. Barabara tupu.

"Watu wenu wako wapi?"

"Wanashikilia daraja, mchungaji," nikajibu, kifua mbele. "Nimelijenga mimi. Wakiachia tu, koko anaanguka."

Akafungua kitabu chake, akaanza.