Mbinu Saba za Mwalimu Mkuu na Nondo ya Shangazi

Shangazi yangu alipiga kengele katika shule ya msingi ya mtaani kwetu kwa miaka minne, na katika miaka hiyohiyo shule ikapanda kutoka nafasi ya kumi na moja hadi ya pili kati ya shule kumi na mbili zinazofanya mtihani wa pamoja. Sijawahi kusikia mtu akiyataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja. Waliosoma kutuzidi walikuwa na maelezo yao, tena mazuri, yaliyopigwa chapa na kutiwa muhuri.

Kabla yake kengele ilikuwa ya mlinzi mmoja, mtu wa saa ya mkononi, ambaye hata nyumba yake ikiungua angegonga kwanza halafu akazime moto. Alipostaafu, shangazi, aliyekuwa akifagia madarasa na kuchemsha chai ya walimu, akakabidhiwa pia nondo ya kugongea. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye kibaraza cha ofisi. Ukisimama pale, mkono wa kulia unaona madirisha ya darasa la nne, wa kushoto la saba. Kama wangeitundika nyuma ya vyoo, nisingekuwa na la kuandika.

Shangazi amelea watoto saba, wawili wa tumbo lake na watano sisi tulioletwa na sababu mbalimbali. Kwake hakuna mtoto aliyewahi kuondolewa sahani huku anatafuna. Basi siku ya mtihani wake wa kwanza, muda wa saa moja uliopangwa ulipotimia, alichukua nondo, akainua mkono, akachungulia dirishani. Vichwa vyote vimeinama. Akashusha mkono, akasubiri. Kichwa cha mwisho kilipoinuka ndipo akagonga. Ikawa ndiyo kazi yake: dakika kumi juu, siku ya hesabu hata ishirini. Wasimamizi waliotoka shule za jirani waliangalia saa zao, wakaangaliana, lakini karatasi ya maelekezo ilisema kwa herufi nene kwamba mtihani utaanza kwa kengele na kuisha kwa kengele. Mtu wa maelekezo havunji maelekezo. Wakaendelea kupiga miayo.

Nilimuuliza siku moja nilipompelekea kanga zake, mbona saa imepita na yeye amesimama tu kama anangoja mgeni.

"Saa imeisha, watoto hawajaisha," akanijibu. "Wanataka kujua hawa wanajua nini, au nani ana mkono mwepesi? Kama ni mkono, si wangewapa mahindi wapukuchue."

Matokeo yakaanza kupanda. Mwalimu mkuu akapewa cheti, akakiwekea fremu, akaanza kualikwa kwenye mikutano kueleza siri ya ufaulu. Siri ilikuwa na mbinu saba. Sisi wazazi alitusomea zote. Ya kwanza uongozi shirikishi, ya pili sijui motisha, na ya tano, naikumbuka vizuri, nidhamu ya muda. Tulipiga makofi. Shangazi alikuwa akipita na birika la chai, akamimina vikombe vyote bila kumwaga tone.

Halafu wakaja wakaguzi kuipima siri yenyewe. Walihesabu madawati, wakahesabu vitabu, wakapima kwa futi kamba umbali wa ubao hadi dawati la nyuma. Walimu waliulizwa maswali arobaini kila mmoja. Shangazi aliulizwa moja, kama kuna sukari zaidi, kwa sababu fomu yao haikuwa na mstari wa mhudumu. Waliondoka na kurasa mia na ushee, wakaandika kwamba siri ni dawati la nyuma kusogezwa mbele.

Zawadi ya mafanikio haikuchelewa. Tuliletewa kengele ya umeme inayojipiga yenyewe, iliyofungwa kwenye saa isiyokosea hata sekunde. Ilipokelewa kwa hotuba tatu. Reli ikashushwa, nondo ikapelekwa stoo, na shangazi akarudi kwenye ufagio akiambiwa kwamba mwisho wa mwaka nafasi yake "itaangaliwa upya". Wakubwa hawasemi fungasha virago, wana adabu.

Mtihani wa kupandia darasa ulikuwa wa kwanza kuongozwa na kengele mpya, na binti yangu alikuwa darasa la nne. Huyu mtoto wangu anaandika kama anayetarizi. Herufi moja anaiumba, anaitazama, isipompendeza anaifuta, anapuliza vumbi la raba, anaanza upya. Wenzake humwita Kobe. Muhula uliotangulia Kobe alipata thelathini na nane kati ya arobaini.

Safari hii alipata ishirini na nane. Alama ya kupanda ilikuwa thelathini.

Mwalimu wake wa darasa, msichana mdogo kuliko mimi, aliniita akanionyesha karatasi. Alinihurumia kweli. Akasema akili ya mtoto imeshuka kwa kumi, akilitamka neno kumi kama nesi anayesoma kipimajoto. Niliangalia karatasi ile. Majibu ishirini na tisa, ishirini na nane yana vema. Kuanzia swali la thelathini, karatasi nyeupe pe.

"Na haya meupe, ameyakosa?" nikauliza.

"Meupe ni makosa, mama. Asiyejibu hajui."

Akaniambia nijiandae, mwanangu atarudia darasa.

Shule nzima ilikuwa imeshuka hadi nafasi ya tisa. Tukaitwa kikao. Mwalimu mkuu akatueleza kwamba uchunguzi umeonyesha chanzo ni wazazi: televisheni, simu, uji mwepesi, na hasa kina mama vijana tusiokagua madaftari. Aliponitazama niliinamisha macho, si kwa aibu. Nilikuwa nahesabu. Nikisimama niseme ninachojua, shangazi ataondolewa hata kwenye ufagio. Nikikaa kimya, mwanangu atakalia dawati lilelile mwaka mzima akijiona mjinga. Nikakaa kimya. Siku mbili nzima.

Siku ya tatu shangazi alipita nyumbani akamkuta mtoto mezani na saa ya simu mbele yake, akijifunza kuandika haraka. Herufi zilikuwa zimelala hovyo, nyingine hazina vichwa. Ukurasa mzima haukuwa na hata neno moja la kusomeka, na yeye machozi yanamtoka huku mkono unakimbia. Shangazi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia yote. Akafunga kanga kiunoni, akamshika mtoto mkono, na mimi nikafuata nyuma.

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini, cheti kimening'inia juu ya kichwa chake. Shangazi alisimama mlangoni.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba. Mpe mtoto huyu maswali kumi na moja yaliyobaki. Atakaa pale pembeni, hatakusumbua."

"Mama, mtihani umekwisha. Haki ni kila mtoto kupewa muda uleule."

"Miaka minne hawakuupata huo muda uleule."

Akamuuliza ana maana gani. Shangazi akamweleza kwa sauti ileile anayotumia kusema sukari imekwisha. "Mimi kengele nilikuwa naipiga watoto wakimaliza. Sikuwa naipiga saa ikimaliza."

Mwalimu mkuu akatazama dirisha, akainua macho kwenye cheti, kisha akainuka akaenda kufunga mlango. Aliporudi kukaa alikuwa kama mtu aliyekalia sindano. Akauliza, polepole, nani mwingine anajua.

"Wasimamizi wote," shangazi akasema, "walimu wako wote wenye saa, na watoto. Nafikiri ulikuwa umebaki wewe tu."

Nilidhani atampa barua palepale. Hata kalamu alishaishika. Lakini barua ya kumwondoa mtu lazima iwe na sababu, na sababu ingefika kwa walewale waliompa cheti, na wao wangetaka kujua mbinu zote saba zilikuwa wapi wakati mama mmoja akichungulia dirishani. Akaiweka kalamu. Akafungua kabati, akatoa karatasi ya maswali, akamwelekeza mwanangu kiti cha pembeni.

Alitumia dakika ishirini na moja. Alifuta mara tatu, akapuliza vumbi la raba likaangukia faili za mwalimu mkuu. Shangazi alifagia ofisi iliyokwisha kufagiwa asubuhi, sentimita kwa sentimita. Mimi nilitazama sakafu. Mwalimu mkuu alisahihisha mwenyewe. Kati ya kumi na moja, alipata kumi.

Akakohoa. Akatueleza kwamba alama zimeshapelekwa juu na hazibadiliki, kwa hiyo katika vitabu mtoto atabaki na ishirini na nane. Hata hivyo, akasema, uongozi una busara yake, na kwa busara hiyo anaweza kumpandisha. Kuhusu nafasi ya shangazi, akasema bila kumtazama kwamba ameiangalia upya hapohapo, na ameona shule bado inahitaji mhudumu mwenye uzoefu. Kisha akatuomba, kwa upole ambao sijawahi kuuona kikaoni, kwamba mazungumzo haya yaishie ndani ya ofisi. Shangazi akamuuliza kama amlete chai.

Ripoti ilikuja Ijumaa. Chini kabisa mwalimu mkuu alikuwa ameandika kwa mkono wake: Amepanda. Aongeze kasi.

Binti yangu aliisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno, akaniuliza aongeze kasi ya kwenda wapi.

Nikamwambia darasa la tano.