Asubuhi Moja Bila Salfa

Tangu mkewe Anjelina azikwe, Mzee Ebenezer hakusema maneno ya kujaza kibaba. Akisalimiwa, aliitika. Akiulizwa kaamkaje, alisema salama. Basi. Watu wa kijiji cha Mkunya wakazoea. Wakasema msiba ni wake, mwacheni, atatoka humo mwenyewe siku akichoka.

Asiyezoea ni binti yake, Ursula, mwalimu wa Masasi. Mwezi wa tano alipanda kumwona babake, akamkuta anakula muhogo mkavu kwa chumvi, kasimama mlangoni kama abiria anayengoja basi.

"Baba, tukishasimika msalaba wa mama, unahamia kwangu. Chumba kipo. Kitanda nimeshanunua."

Mzee akatafuna, akameza. Akatazama nyuma ya jiko. Pale, juu ya matofali, palikuwa na pikapu yake, Pijo ya zamani, mwaka wa kumi na mbili haijagusa barabara. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva.

"Nina gari," akasema.

Ursula akacheka. Kisha akaona babake hacheki.

"Baba, mimi sina vita na nyumba yako. Nina vita na kimya chako. Hapa ukianguka, nani atajua? Huzungumzi na mtu. Majirani watakuja kujua siku ya tatu, tena kwa inzi."

"Nina gari," mzee akarudia.

"Haya. Nakupa sharti." Ursula alikuwa na ulimi wa mamake. "Msalaba unatengenezwa Masasi. Mwezi wa saba, Ijumaa ya kuamkia Jumamosi ya kuusimika, ushuke na hilo gari lako kuuchukua. Uendeshe mwenyewe. Na liwe gari, lina rangi, si banda la kuku. Ukifika getini kwangu, utabaki kwako. Usipofika, nakuja na gari la kukodi kukuhamisha wewe na vyombo vyako."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa."

Shule Ebenezer hakuiona hata dirisha lake. Ujana wake aliumalizia nyuma ya lori la misheni, utingo, na injini alijifunza kwa masikio. Baadaye akawa dereva, na alipostaafu misheni wakampa ile Pijo iwe mkono wa kwaheri. Enzi hizo maji ya Newala yalikuwa bondeni. Anjelina alikuwa akitoka na ndoo jogoo la kwanza, anarudi jua limeshawaka, shingo imeingia mabegani. Pijo ilipokuja ikabeba mapipa ya maji ya kuuza. Mzee dereva, Anjelina pembeni na kopo la kupimia, yeye ndiye bosi. Bomba likasogea kijijini, injini nayo ikachoka, gari likapandishwa matofalini. Wanunuzi wa chuma chakavu wakaja mara tatu. Anjelina akawafukuza mara tatu. "Aliyekubebea maji humuuzi kwa kilo," aliwaambia.

Basi mzee akaanza. Kuku akawahamishia kwenye tenga. Tangi la mafuta lilikuwa limeota kutu ndani. Akatia kokoto na mafuta ya taa, akalikumbatia, akalitikisa siku mbili kutwa kama mtu anayebembeleza mtoto mkorofi. Sakafu ilikuwa imeliwa mpaka unaona ardhi. Akapasua pipa moja la maji, akalinyoosha kwa nyundo, akampa fundi wa kuchomelea. Nyaya zilikuwa zimetafunwa na panya. Fundi Emmanuel wa Newala mjini akaja kubadili gasketi na kufufua breki. Alikuwa kijana wa mdomo mwingi, na mzee alimjibu kwa kumpa spana.

Siku injini ilipokubali, ilikohoa moshi mweusi, ikazima, ikakohoa tena, halafu ikashika. Mzee akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo muda mrefu. Hakuwapo wa kumwambia.

Ikabaki rangi. Akaenda dukani Newala, na kwa kuwa kusoma hakujui, akamwomba mwenye duka amfungulie makopo. La nne lilikuwa jekundu kama bibo la mkorosho lililoiva mpaka linataka kudondoka. "Hilo," akasema. Emmanuel akamwazima kompresa na bomba la kupulizia rangi, lakini akamwekea mpaka: Alhamisi saa nne asubuhi vitu virudi, ana kazi ya mtu.

"Na uangalie vumbi, mzee wangu," Emmanuel akamwonya. "Rangi mbichi na vumbi ni mke na hawara. Paka upepo ukiwa umelala."

Upepo wa uwandani mwezi wa saba hulala alfajiri. Hilo mzee alilijua kuliko Emmanuel. Jumanne akaamka giza halijatoka vizuri, akafagia uwanja, akanyunyizia maji, akabandika magazeti kwenye vioo, akawasha kompresa. Akapaka boneti, milango, mbavu za nyuma. Mwanga ulipotoka, gari lilikuwa linang'aa kama limezaliwa. Akarudi hatua tatu kulitazama.

Ndipo akasikia. Vuuuu, upande wa kulia. Vuuuu, upande wa kushoto.

Salfa.

Mwezi wa saba mikorosho inachanua, na ugonjwa wa ubwiri unga unataka kuyala maua. Kila mkulima anapuliza salfa, na anaipuliza alfajiri, kwa sababu umande unaishika na upepo umelala. Miaka hamsini Ebenezer amepuliza salfa saa hiyo hiyo, kwa sababu hiyo hiyo. Na leo akili yake yote ilikuwa kwenye upepo, haikukumbuka wanaoungoja ulale kama yeye. Wingu la manjano likapita juu ya ua pole pole, bila papara, kama mgeni asiyepiga hodi, likatua juu ya rangi mbichi. Jua lilipochomoza, akapapasa boneti. Ilikuwa kama ukoko wa ugali.

Jirani yake Sijaona, Mama Mudathiri, ambaye mikorosho yake imepakana na ua wa mzee, akaja na mashine ikiwa bado mgongoni.

"Shikamoo, Baba Ursula. Nimeona wekundu huku nikasema..." Akasimama. Akashika mdomo. "Yarabi! Nimefanya nini?"

"Marahaba," mzee akasema.

Sijaona akalizunguka gari. Ukoo wake na ukoo wa marehemu walikuwa watani, na mtani hata kwenye kosa lake hanyamazi. "Basi hili gari lako," akasema, "ubwiri halitapata mpaka siku ya kiama."

Mzee midomo ikamcheza kidogo. Kisha akakaa juu ya tofali, akashika kichwa. Sijaona akaitua mashine.

"Jana nimepita hapa," akasema, sasa bila utani. "Nimekuuliza kazi inakwendaje. Umeniambia salama. Ungesema tu, 'Mama Mudathiri, kesho napaka rangi,' jino lingekutoka?"

Mzee akachimba ardhi kwa kidole cha mguu. Kisha yakamtoka, moja moja, kama maji ya bomba lililokaa bila kutumika: sharti la Ursula, Ijumaa, kitanda cha Masasi, kompresa ya Alhamisi. Na kwamba kaburi la Anjelina liko pale nyuma ya kanisa, na yeye hawezi kulitazama kutoka Masasi.

Sijaona akasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alirudi na dada zake wawili na msasa. Wakasugua tangu alfajiri mpaka adhuhuri, wakimsema mzee, wakimsema na marehemu kwa kumwacha mume bila kumfunza kuongea, mpaka gari likawa laini tena, la kijivu na wekundu kama mbuzi wa madoa. Lakini kusugua lilikuwa jambo dogo. Alhamisi ndiyo asubuhi pekee iliyobaki, na Alhamisi mashamba yote yanayozunguka yalikuwa na zamu ya kupuliza.

"Mimi nimejitoa, sipulizi," Sijaona akasema akijipangusa mikono. "Bado nyumba saba."

Mzee akamtazama kwa macho ya kuomba.

"Sikusemei," Sijaona akasema. "Wewe nenda."

Alasiri hiyo Mzee Ebenezer akavaa shati la kanisani, akatoka. Nyumba ya kwanza, mwanamke aliyekuwa anatwanga alimwona akaangusha mchi. "Baba Ursula! Nani kafa?" Maana tangu mazishi mzee hakuwa ameingia ua wa mtu.

"Hajafa mtu. Nina gari," akasema, akakwama. Akajikaza. "Napaka rangi kesho. Salfa yenu... naomba mnisubiri. Mpaka jua lipande."

Wakamkubalia, wakamkalisha, wakampa uji. Nyumba ya pili alisema vizuri zaidi kidogo. Ya tatu walimcheka, naye akawaambia kuhusu ubwiri wa gari, wakacheka zaidi. Ya nne waliuliza habari za Ursula, na mzee akajikuta anajibu. Kufika ya sita, kinywa kilikuwa kimelainika.

Ya saba ilikuwa kwa Nurdin. Nurdin alikuwa na mikorosho mingi kuliko wote, na mashine aliyokodi ilikuwa yake kwa Alhamisi tu. Yeye na Ebenezer waliingia jandoni mwaka mmoja. Nurdin hakumkaribisha kiti.

"Ubwiri hausubiri magari," akasema.

"Najua."

"Mimi nilipofiwa na Ziada, ulikuja hapa siku saba mfululizo. Ulikaa nami, ukanisimulia habari za lori la misheni mpaka nikacheka, na mke wangu hata arobaini yake bado. Ulipofiwa wewe nimekuja siku saba. Ulinifungia mlango. Nikakaa barazani kwako peke yangu, naongea na kuku." Sauti ya Nurdin ikakwaruza. "Leo umekuja kwa ajili ya rangi."

Mzee akasimama pale uani.

"Niliogopa," akasema mwishowe. "Niliona nikifungua mdomo, nitalia mbele yako. Nikaona aibu."

"Aibu ya nani? Tumelia wote kwenye jando, tena kwa sauti moja, mimi na wewe."

Mzee akacheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia. Akalia, amesimama, mikono imening'inia. Nurdin akavuta kiti, akakipangusa kwa kanzu yake, akamkalisha. Wakakaa. Jua likashuka nyuma ya mikorosho.

"Nitaanzia shamba la bondeni," Nurdin akasema. "Huku juu nitakuja ukimaliza. Nitajuaje?"

"Nitagonga rimu."

Alhamisi alfajiri Mkunya ilikuwa kimya. Moto wa jiko ungeweza kuusikia ukila kuni. Mzee akapaka mkono wa kwanza, akangoja, akapaka wa pili. Mara moja alisimama, akasikiliza, akidhani masikio yanamdanganya. Nurdin yuko mbali bondeni; wengine na mashine zao wamekaa, wanangoja. Jua likapanda kimo cha mkuki. Akagusa ukingo wa mlango kwa ncha ya kidole. Kidole kikatoka kikavu. Akasubiri kidogo tena, kwa uhakika, kisha akachukua chuma akagonga rimu ya zamani iliyokuwa ukutani, mara tatu. Vuuuu, kwa Nurdin. Vuuuu, ng'ambo. Zikaitikiana shamba kwa shamba, na wingu la manjano likapanda juu ya mikorosho. Kompresa ilifika kwa Emmanuel saa nne kasoro.

Ijumaa akashuka mlima gia ya pili, breki akizigusa kwa adabu. Masasi alifika saa tano. Bodaboda wawili walimfuata tangu sokoni wakipiga honi na kuuliza kama lile ni gari au bibo. Akasimama getini kwa Ursula, akazima injini.

Ursula akatoka amekunja mikono. Akalizunguka gari pole pole, akapitisha kiganja kwenye mlango. Upande wa nyuma, chini ya taa, palikuwa na sehemu waliyoiruka dada zake Sijaona; ukoko wa salfa bado upo chini ya rangi. Akaupapasa.

"Mama Mudathiri kanipigia simu," akasema.

"Eeh."

"Kasema umeingia nyumba saba. Umekunywa uji. Umelia kwa Mzee Nurdin."

Mzee akaangalia matairi.

"Baba, mimi gari sikulijali. Nilisema gari kwa sababu ndilo ulilolitaja." Akafuta macho kwa ncha ya khanga, upesi, kama aliyeingiwa na vumbi. "Baki kwako. Ila simu yangu uwe unapokea, na useme zaidi ya 'salama'."

"Nitasema."

Wakapakia msalaba, wakaufunga kwa kamba, na mifuko miwili ya saruji. Ursula akapanda pembeni. Walipofika katikati ya mlima injini ikachemka, kama mzee alivyotarajia. Akaegesha kando, akafungua boneti, akasema inataka nusu saa ipoe. Chini yao Masasi ilikuwa imelala kati ya majabali yake. Wakakaa kwenye nyasi. Ursula akatoa simu ajifurahishe nayo.

"Siku ile ya mwisho, asubuhi," mzee akasema, "mama yako aliamka mzima. Aliniomba uji wa mtama. Nikamwambia mtama umekwisha. Akasema, wewe mwongo, niliuficha mwenyewe chini ya kitanda."

Ursula akaizima simu, akaiweka chini.

"Endelea, Baba."