Mke wangu anataka kusikia sauti ya mtoto wetu, na mimi najua haiko kwa ile kanda

Admin, jina langu ubaki nalo wewe. Mke wangu hayuko kwa hii page, lakini dada zake wako, na hao wanapenda umbea kuliko chai.

Mimi ni mzee wa miaka 53, naishi Kitengela, ni fundi wa mabomba kwa shamba la maua huko Isinya. Niko na mke mmoja na watoto wawili wakubwa. Tulikuwa na mwingine, kifungua mimba wetu, msichana. Alifariki akiwa na miaka minne, homa ya uti wa mgongo. Kwetu jina la aliyekufa halitajwi ovyo, kwa hivyo hapa nitasema tu mtoto.

Sasa nichekeni mara moja tumalize. Tangu ujana napenda rock, ile ya wazungu wa zamani wenye nywele ndefu. Na si kanda za dukani. Nilikuwa nakusanya zile za wizi, mtu ameingia na kamera chini ya koti akarekodi shoo yote. Picha inatingika, kichwa cha mtu kimekaa mbele, sauti inakwaruza. Hizo hazinunuliwi, mnabadilishana. Mimi nilituma shanga za mama yangu kwa posta ya Kajiado, na watu nisiowajua huko ng'ambo wakanitumia kanda. Nilifikisha arobaini na kitu. Wenye ng'ombe wakae na ng'ombe wao, mimi nilijiona tajiri.

Mke wangu ameokoka, na hizo kanda hakuzipenda hata siku moja. Kulikuwa na moja, kava yake imejaa mafuvu. Akaniambia, "Baba watoto, hii nikiiona tena kwa nyumba naitupa choo." Mimi na ujanja wangu nikabandua stika. Shoo ya mafuvu nikaificha ndani ya kava ya birthday ya mtoto, ile video tulirekodi akifikisha miaka mitatu. Kanda yenyewe ya birthday nikaipatia stika ya shoo nyingine, nikaiweka kwa shelf pamoja na zangu. Kava ya mafuvu nikaitupa mbele ya mke wangu ili aridhike. Nilisema wikendi nitarudisha kila kitu mahali pake. Mtoto alikuwa mzima, anakimbia hapo nje.

Hata miezi miwili haikuisha, tukamzika.

Mke wangu akachukua kanda iliyoandikwa birthday, rinda na viatu vya mtoto, akafungia kwa sanduku la bati. Ufunguo anatembea nao. Hakuwahi kuitazama. Kila nikimuuliza anasema, "Siwezi, bado." Na mimi nitaanzia wapi kumwambia ndani ya lile sanduku kuna wazungu na magitaa? Nikajituliza: ile ya kweli iko salama kwa shelf yangu, siku moja nitabadilisha. Siku moja ikawa miaka kumi.

Halafu kanisani kwao wakaambiwa wachome vitu vya shetani. Nilitoka kazini nikapata moshi mweusi nyuma ya nyumba na akina mama wanaimba. Mke wangu akanikumbatia. Tangu tuzike sikuwa nimemwona akicheka hivyo. "Baba watoto, usinikasirikie. Nimesafisha nyumba yetu. Najisikia mwepesi."

Shelf ilikuwa tupu. Wacha niseme vile ilikuwa, mnitukane mkitaka. Nilisimama pale nikiomboleza shoo zangu moja moja, kabla sijamkumbuka mtoto wangu. Alipokuja akilini nikakaa chini kwa mchanga. Mke wangu alidhani nalilia rock. Akaniletea chai, akaniambia pole, Mungu atanipa vingine vizuri. Nikainywa.

Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Sikusema kitu. Mashine ya kuchezea kanda ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeuliza.

Wiki iliyopita kitinda mimba wetu akarudi kutoka chuo. "Mum, kuna duka hapa Kitengela wanatoa kanda za zamani wanaweka kwa flash." Mke wangu akatoa ufunguo. Halafu akaenda kufungua sanduku. Alikaa na ile kanda kwa mapaja, anaipangusa na leso, ananiambia, "Picha yake tuko nayo ukutani. Sauti ndiyo nimesahau. Vile alikuwa anakuita ukitoka kazini, naipata kidogo halafu inapotea. Sasa niko tayari." Nilitoka nje nikajifanya naangalia tenki la maji. Nililia kama mtoto.

Jumamosi wanaenda dukani. Mama mkwe wangu anatoka Bisil ili watazame pamoja.

Sijalala vizuri siku sita. Njia ninayoiona ni moja: kabla waende niseme mimi nilirekodi shoo juu ya birthday nikaifuta, ulevi wa ujana. Atanichukia, pengine ataenda kwao, na kuchukiwa naweza kubeba. Nikisema ukweli, atajua sauti ya mtoto ilikuwa kwa ule moto, na mafuta taa alimwaga yeye, akiimba. Lakini uongo wangu ndio ulitufikisha hapa, na sasa nataka kuongeza mwingine niuite mapenzi. Hata sijui tena kama namficha yeye ama najificha mimi.

Nyinyi mliozika mtoto, hasa akina mama, naomba mniambie kabla ya Jumamosi. Kama ingekuwa ni mkono wako uliowasha kiberiti, ungetaka kujua?