Difu ya Gari la Otieno

Leo kwenye gereji ya Kondele nimeuziwa kitu cha mwanangu mwenyewe.

Difu ya nyuma ya pikapu yetu, ile gia inayozungusha magurudumu, ilisagika, na hiyo pikapu ndiyo inatoa wagonjwa kijijini kwetu Pap Onditi matope yakizidi.

Fundi alikuwa na mbili kuukuu.
Nambari zilizochongwa juu yake siwezi kusoma. Nilizizungusha kwa mkono, nikahesabu mizunguko kwa punje za mahindi, vile marehemu mwanangu Otieno alinifundisha. Pikapu yetu inavuta kwa magurudumu yote manne, kwa hivyo lazima ilingane na difu ya mbele.

"Mama, wewe ni injinia!" fundi akacheka.

Ya kwanza ilikataa. Ya pili ikalingana.
Nikapangusa grisi, nikaona kovu la kuchomelea. Siku Otieno aliichomelea difu hiyo ya gari lake, mimi ndiye nilimshikia tochi.

"Hii ilitoka wapi?"
"Gari lililopinduka Nyakach mwaka jana, mama. Dereva hakupona."
"Huyo dereva nilimzaa mimi."

Fundi akaifunika kwa gunia. "Pole, mama. Chukua ile nyingine."
"Ile nyingine itavunja gari, mjinga wewe. Funga hii."

Imefungwa. Majirani wanasema kwa kufunga kitu cha gari la ajali nimeleta mkosi nyumbani.
Na nyinyi wengine wa Pap Onditi mnasemaje? Semeni tu.
Siku mtakayougua mtapanda pikapu hii hii, na mimi nitawashika mkono mpaka hospitali.