Sandali za Kwado

Kwado wetu hapa mjini Baraka, yule fundi wa matairi, hasomi namba za ubavuni mwa tairi. Hupima upana wa janti, ile ringi ya chuma, kwa vidole, hukohoa, hupima tena, kisha hutamka saizi kama padri anayetangaza ndoa. Hakosei. Mafundi wa namna hiyo wamekwisha; waliobaki wanauliza simu. Juzi Guy alimletea gari. Jumapili atashindana na shemeji yake kwa magari kuzunguka uwanja wa mpira, na atakayeshindwa atamwachia mwenzake gari lake.

“Papa, weka matairi ya mapana kabisa,” Guy alimwambia.

“Janti yako iko nyembamba, mutoto yangu. Kwenye kona mupira utakunjika.”

“We uko muzee, hauelewe.”

 Kwado alivua sandali zake, pana kama makasia. “Vaa hizi. Kimbia mpaka kwa bamama ba samaki, ugeuke mbiombio.”

Guy alikimbia vizuri. Alipogeuka, mguu ulishika njia ya Kazimia, sandali ikabaki Baraka, naye akaketi ndani ya beseni la ndagala, dagaa wa ziwani. Alirudi akichechemea, akinuka, mama mwenye samaki akimfuata kwa matusi.

“Weka unayotaka, papa.”

“Mi sitaki kitu,” kwado alisema. “Kona njo inataka.”