Unga wa Karasha kwenye Meno ya Bibi Harusi

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma, na niliitafuta mwenyewe. Nilibeba zege Dar es Salaam miaka minne ili nisomee utabibu wa meno. Niliporudi Geita nikafungua chumba changu, chenye kiti cha kulalia na taa kubwa, wengine walikuja kukitazama tu.

Wiki mbili kabla ya harusi yake alikuja mdogo wangu wa kike. Alikuwa anauza chakula kwenye karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Meno yake yana madoa ya kahawia kama yangu. Tulikulia Kishapu, na maji ya kisima chetu yana floridi nyingi.

"Shikamoo kaka. Nataka yawe meupe. Wakwe zangu wa Bukombe meno yao kama maziwa."

"Marahaba. Umefika kwa mwenyewe."

Sikumuuliza kitu. Nilijiona fundi wa kutosha. Nikampaka dawa ya kung'arisha, na dakika ya tatu akaruka kitini. "Mayu wane!" akamlilia mama kwa Kisukuma.

Nikamsafisha haraka, nikavuta taa karibu. Meno yalikuwa yamekwaruzika, na karibu na fizi yamelika.

"Ulikuwa unayasugua na nini?"

"Unga wa karasha, mwezi mzima. Si ndio tunang'arishia sufuria?"

"Sufuria ikitoboka unanunua nyingine!"

Nikamweleza kwamba jino lina gamba gumu la nje, enameli, na likishalika halioti tena. Madoa yetu yamo ndani ya gamba hilo, si uchafu wa juu. Unga wa mawe ulikuwa umelipunguza, dawa yangu ikapenya. Ningeendelea, angeng'aa siku moja na kuumia miaka.

"Kumbe diploma yako ni ya ukutani tu?"

"Ndiyo inayonikataza."

Akaondoka amenuna. Baada ya siku nne akapiga simu: hata maji ya mtungi yanamtia ganzi, na unga ameutupa.

Harusini shangazi wa bwana harusi akamtania, "Una kaka daktari, na meno haya?"

"Ya maji ya kwetu, shangazi," akajibu, akacheka mdomo wazi. "Kaka kanibakizia yote."

Nilikuwa nimeshamwambia mhudumu soda ya bibi harusi isiwe ya kutoka kwenye friji.