Mama Pindo Apelekwa Mlimani

Wateja walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna aliyemzidi katika kupinda nguo. Ungempa suruali ndefu kupita kiasi, angekutazama miguu mara moja tu, na kesho yake ingekukaa kama umezaliwa nayo. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, na huyo alikwenda ng'ambo kusoma, akapata kazi huko huko, akaoa binti wa kwao aliyekutana naye huko huko. Mkwe na mjukuu aliwajua kwa sura za kwenye simu. Mwanawe alipomtumia tiketi, alifunika cherehani, akafunga duka, akaenda.

Walimpokea vizuri. Vizuri mno, ukitaka ukweli. Mwana na mkewe walipishana mlangoni kwa "samahani" na "tafadhali" kama watu waliokutana kwenye lifti. Asubuhi moja mkwe alifungua droo tatu kutafuta kijiko, katika jiko lake mwenyewe. Mama Pindo aliona, akadhani ni haraka za kazini. Mjukuu, msichana wa miaka minane, alikuwa mpole, lakini kila akiulizwa jambo alimtazama baba yake kwanza.

Jumamosi wakampeleka mlimani. Mwanawe alikuwa amepanga yote: yeye na binti yake wangeendesha baiskeli za matairi manene, mama na mkwe wangekwenda kwa miguu, kisha wakutane kwenye kibanda cha wapanda mlima wale pamoja. Kigari cha kuning'inia kwenye waya kiliwapandisha mpaka miti ikaisha, yakabaki mawe, nyasi kavu na mabaki ya theluji chafu. Masikio ya Mama Pindo yaliziba, kichwa kikaanza kumgonga.

"Huku juu hewa ni nyepesi, mama," mwanawe alisema, akimfunga binti yake helmeti. "Tembea polepole, usishindane na mtu."

"Nishindane na nani, kwa magoti haya?"

Wakacheka wote, kicheko kikubwa kuliko utani wenyewe. Kisha baiskeli zikapotelea kwenye ukungu, breki zikilia.

Wanawake wawili wakashika njia ya miguu. Kila baada ya hatua chache Mama Pindo alisimama kuvuta pumzi, na mkwe akasimama naye. Kwenye kona moja mkwe akaketi juu ya jiwe, akaufunika uso kwa glavu zake. Mama Pindo alidhani ni ile hewa. Akamwinamia, akamlegezea zipu ya koti shingoni.

"Si hewa, mama," mkwe alisema. "Mimi na mwanao tuliachana mwaka jana. Nina kwangu, mtaa mwingine kabisa. Alinisihi nirudi kwa hizi wiki ulizo hapa, ili usiondoke na simanzi. Nilidhani nitaweza."

Mama Pindo akaketi kando yake juu ya jiwe.

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Ana mwingine?"

"Hana, mama. Tulichokana tu."

Angependa awepo mkosaji, apate wa kumkasirikia. Hakuwepo.

"Na mtoto?"

"Anajua. Tulimwambia asikuambie."

Hilo ndilo lililomkata maini. Alimkumbuka mjukuu wake mezani, akitafuna taratibu, akipima kila neno kabla ya kulitoa.

Walipofika kibandani, mwanawe alikuwa anakata mkate, na mtoto amekaa kwenye benchi, tope mpaka magotini. Mama Pindo akaketi karibu naye, akamfuta shavu kwa ncha ya mtandio.

"Mjukuu wangu, habari za baba na mama yako nimeshazijua. Mama mwenyewe ameniambia. Usijichoshe tena kunificha."

Kisu kikasimama katikati ya mkate. Mtoto alimtazama baba yake, kisha mama yake.

"Kwa hiyo leo mama anaweza kurudi kwake?" aliuliza. "Paka yuko peke yake. Jirani anamlisha tu, hachezi naye."

Mkwe aliitikia kwa kichwa. Mwana akaweka kisu chini, akatoka nje, akachuchumaa kando ya baiskeli na kuanza kuzungusha gurudumu lisilo na kasoro yoyote. Mama yake akamfuata.

"Nilitaka ufurahi," alisema bila kugeuka.

"Najua, baba."

"Umenikasirikia?"

"Nimechoka. Kula kwanza, halafu unishike mkono tushuke."

Jioni ile mkwe alibeba begi lake, akamkumbatia Mama Pindo mlangoni kwa muda mrefu, akaondoka na mtoto. Siku zilizobaki mama na mwana walikuwa wawili tu. Walikula, wakazungumzia majirani wa nyumbani, nani kajenga na nani kahama. Mara moja, akiosha vyombo, mwana alilia huku bomba likimwaga maji, na mama akaendelea kukausha sahani pembeni yake.

Aliporudi dukani, wateja walitaka kusikia habari za mlima. Aliwaonyesha picha aliyopiga mtu wa kigari: watu wanne wamevaa makoti, nyuma yao ukungu mtupu.

"Mmependeza," walisema. "Mkweo hajambo?"

"Hajambo," alijibu. "Ila kule kuna baridi."